Chakula cha moto kwenye nailoni: maikroplastiki zinatufanya nini mwilini?

Mwalimu wa Kimara

Habari za jioni wakuu,

Nafundisha kemia sekondari, na siku hizi tukifika mada ya polima wanafunzi wananijia na video za simu: "Mwalimu, ni kweli tuna plastiki kwenye ubongo?" Binti mmoja aliniuliza kama mama yake aache kumnyonyesha mdogo wake. Swali lile lilinikaa rohoni. Kwenye magrupu ya WhatsApp habari hizi zinakuja kwa sura mbili tu: ama za kutia watu hofu, ama za kusema ni uzushi wa wazungu. Zote mbili zinatuacha palepale, tunamimina supu ya moto kwenye mfuko.

Plastiki haiozi. Jua, chumvi, joto na msuguano vinaikatakata tu ikawa vipande vidogo, kisha vidogo zaidi. Kipande kikishuka chini ya milimita 5 ndiyo maikroplastiki. Kikishuka chini ya maikrometa 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita, ni nanoplastiki, na hapo ndipo wasiwasi mkubwa ulipo, maana chembe za ukubwa huo zinaweza kupenya ukuta wa utumbo au wa mapafu na kuingia kwenye damu.

Kwamba zimo mwilini, ushahidi upo. Mwaka 2022 watafiti wa Uholanzi walipima damu ya watu 22 wazima wa afya, 17 wakakutwa na plastiki. Mwaka mmoja kabla, Italia walizikuta kwenye makondo ya nyuma 4 kati ya 6 ya akina mama waliojifungua salama. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, kilipima korodani 23 za binadamu, zote zilikuwa nazo.

Lakini kukuta kitu mwilini ni jambo moja na kuthibitisha kinakuumiza ni jambo jingine. Naomba tulishike hilo kabla hatujaendelea.

Utafiti ulionishtua mimi ni wa Italia, uliotoka Machi 2024 kwenye The New England Journal of Medicine. Walichukua wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa kutoa utando wa mafuta kwenye mishipa ya shingoni, ile inayopeleka damu kichwani, wakaupima ule utando, kisha wakawafuatilia wagonjwa 257 kwa karibu miaka mitatu. Kati ya 150 waliokuwa na polietilini, ile plastiki ya mifuko, kwenye utando, 30 walipata mshtuko wa moyo au kiharusi, au walifariki. Kati ya 107 wasiokuwa nayo, ni 8. Walipozingatia umri, sukari, presha na mengineyo, hatari kwa wale wa kwanza ilikuwa zaidi ya mara nne. Hiyo haimaanishi plastiki ndiyo iliyowapa kiharusi. Inaonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja, na yawezekana wenye plastiki nyingi ndio pia wanaovuta hewa chafu zaidi. Ila tofauti ya kiasi hicho hakuna daktari makini atakayeipuuza.

Zinaumiza kwa njia gani? Moja ni chembe yenyewe. Seli za kinga zinaimeza zikidhani ni kidudu, zinashindwa kuiyeyusha, na mwili unabaki kwenye mapambano yasiyoisha. Mapambano hayo yakidumu ndiyo yanayoharibu tishu. Njia ya pili ni kemikali zinazotumika kutengenezea plastiki, au zinazochanganywa ndani yake ili ilainike, isipauke, ishike rangi. Bisfenoli A na jamii ya fthaleti zinaingilia homoni, na ushahidi wake ni wa miaka mingi kuliko huu wa chembe. Mwaka 2023 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilishusha kiwango cha bisfenoli A ambacho mtu anaweza kukipata kila siku bila wasiwasi mara 20,000. Elfu ishirini. Mwishoni mwa 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha kuipiga marufuku kwenye vifaa vinavyogusa chakula.

Sasa nije kwetu, maana hizo habari za maabara tunazisoma kama za watu wengine.

Kinachoifanya plastiki iachie chembe na kemikali kwa wingi ni joto. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska waliweka vyombo vya plastiki vya chakula cha watoto kwenye maikrowevu kwa dakika tatu. Kwenye baadhi ya vyombo, eneo la sentimita moja ya mraba lilitoa zaidi ya chembe milioni 4 za maikroplastiki na zaidi ya bilioni 2 za nanoplastiki. Wengi wetu hatuna maikrowevu. Ila pita Manzese, Buguruni, Tandika hapa Dar saa tano asubuhi, angalia wali unavyokaushwa: nailoni inatandazwa juu ya sufuria, mfuniko unakandamizwa juu yake. Ukifunuliwa, nailoni imelegea na kunata kwenye ukingo wa sufuria, imejikunja kama ngozi, na matone ya mvuke yanateleza kwenye uso wake yakirudi ndani ya wali. Chai ya maziwa inafungwa ya moto kwenye kimfuko. Chipsi zinatoka kwenye mafuta yanayochemka moja kwa moja hadi kwenye kifungashio. Uji wa mtoto unapoozwa kwenye kikombe cha plastiki kilichokwaruzika hadi kimepoteza mng'ao.

Na kuna hili ambalo naliona baya kuliko yote: kuwashia jiko la mkaa kwa nailoni au kipande cha ndala kuukuu. Moshi wake mweusi una masizi laini yanayofika chini kabisa kwenye mapafu, pamoja na kemikali zinazojulikana kusababisha saratani. Ikiwa kilichochomwa ni plastiki ya PVC, kama ganda la waya wa umeme au bomba, inatoka sumu kali iitwayo dioksini. Anayeinama kupuliza jiko lile ni mama, na mara nyingi mtoto yuko mgongoni.

Ninachoshauri kwa kuanzia ni kutenganisha plastiki na moto. Hayo mengine tuyajadili. Walioko jikoni, sokoni na hospitali, leteni mnayoyaona.

Dogo wa Sinza

Asante mwalimu kwa uzi. Kuna ujumbe unazunguka kwamba kila wiki tunameza plastiki yenye uzito wa kadi ya ATM. Ni kweli?

Mwalimu wa Kimara

Hapana mdogo wangu, usiusambaze. Hiyo hesabu ya gramu 5 kwa wiki ilitoka 2019, ikasambazwa sana na shirika la uhifadhi la WWF. Mwaka 2021 watafiti wengine walirudia hesabu kwa kuangalia ukubwa halisi wa chembe, wakapata kiasi kidogo mno, kama mara milioni moja chini ya hapo. Chembe nyingi ni ndogo sana, hata zikiwa mamia kwa siku uzito wake haufiki popote. Tatizo lake haliko kwenye uzito. Liko kwenye udogo unaoziruhusu kupenya.

Mama Shukuru Buguruni

Mwalimu umenigusa maana wali ni kazi yangu. Naomba niwaeleze ile nailoni imetoka wapi, watu wasidhani tunafanya kwa kutojali.

Zamani tulikuwa tunapika kwa mkaa. Wali ukikauka maji unapalia makaa juu ya mfuniko, unaiva juu na chini, hauhitaji kitu kingine. Sasa tumehimizwa gesi, na kweli macho yangu yamepona moshi, sirudi nyuma. Lakini gesi haina makaa ya kupalia. Moto ni wa chini tu, mvuke ukitoroka wali wa juu unabaki na kiini. Na mifuniko ya sufuria kubwa haikai sawasawa, ukishagongwa mara mbili tatu unapinda. Nailoni ikaingia hapo kuziba nafasi.

Mimi nimeacha. Natumia kitambaa cha pamba cheupe, nakilowesha, nakikamua, nakitandaza juu ya sufuria, mfuniko juu yake, halafu naweka sufuria nyingine yenye maji ili uzito ukandamize. Kitambaa nakichemsha kila jioni. Siku nikipata majani ya mgomba kwa wauza ndizi ndiyo bora zaidi, na wali unanukia. Wali haujaharibika hata siku moja, na gesi haijaongezeka.

Kinachonishinda ni wateja wa kubeba. Kijana wa bodaboda anataka supu aondoke nayo, hana chombo. Nimewaambia wale wa kila siku waje na hotpoti, anayekuja na chombo namzidishia mchuzi. Wengi wameanza kuzoea. Ila wapita njia nifanyeje?

Mwalimu wa Kimara

Mama Shukuru, hilo la gesi na kupalia sikuwa nimelisikia likielezwa hivyo, na nadhani wanaohamasisha nishati safi wangelisikia pia. Tunabadilisha moto bila kuwaambia watu mfuniko gani uende nao.

Kwa wapita njia, ukikosa namna, acha supu ipoe kidogo kabla ya kufunga. Maji yanayochemka na supu ya vuguvugu havifanani kabisa kwa kiasi kinachotoka kwenye plastiki. Mafuta nayo yanavuta kemikali, kwa hiyo supu ya mafuta mengi ina shida kuliko maharage. Na hizo hotpoti, wahimize wachukue zenye stili ndani. Nyingi za bei rahisi ni plastiki nje na ndani.

Terminal Gongo la Mboto

Mimi nitasema tofauti, na nasema kwa heshima. Bibi yangu alikunywa maji kwenye kikombe cha plastiki maisha yake yote, akafika miaka tisini. Huku kwetu watu wanaugua malaria, watoto wanaharisha kwa maji machafu, kipindupindu kinarudi kila mvua zikizidi. Leo tunaambiwa tuogope kitu kisichoonekana. Nani atanunua hizo sahani za stili? Tusije tukamwambia mama mwenye watoto wanne aache ndoo ya plastiki yenye mfuniko, akarudi kwenye chombo kisichofunikika, watoto wakaugua.

Nesi wa Temeke

Kaka wa Gongo la Mboto, kuhusu ndoo nakuunga mkono asilimia mia. Maji salama kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko na koki ni bora mara mia kuliko maji machafu kwenye mtungi mzuri. Kuhara kunaua mtoto ndani ya siku chache. Asije mtu akasoma uzi huu akaacha kutibu maji.

Ila kuhusu bibi, kumbuka kiasi. Mwaka 1950 dunia nzima ilitengeneza tani kama milioni 2 za plastiki. Mwaka 2019 zilikuwa tani milioni 460. Bibi alikuwa na kikombe kimoja. Mjukuu wake ananyonyeshwa kwenye chupa ya plastiki, analala kwenye godoro la sponji lenye kava la nailoni, anavaa poliesta, anacheza kwenye mkeka wa plastiki, anavuta moshi wa taka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Hatuwezi kutumia maisha ya bibi kumpimia huyu mtoto.

Na yule binti aliyemuuliza mwalimu kuhusu kunyonyesha: mama asiache kunyonyesha. Ni kweli Italia walikuta chembe kwenye maziwa ya akina mama 26 kati ya 34, na watafiti haohao wakasisitiza kwamba faida za kunyonyesha zinabaki palepale. Anayeacha ziwa anahamia kwenye chupa, na huko ndiko chembe zilikojaa. Watafiti wa Trinity College, Dublin, mwaka 2020 walitengeneza maziwa ya kopo kwa utaratibu wa kawaida kwenye chupa za plastiki aina ya polipropilini, wakakuta baadhi zinatoa hadi chembe milioni 16 kwa lita. Maji yakiwa ya moto zaidi zinaongezeka, na ukiitikisa zinaongezeka tena.

Mama ambaye hana budi kutumia maziwa ya kopo, achanganyie na maji ya moto kwenye kikombe cha stili au bakuli la kauri, aache yapoe hadi joto la kunyweka, kisha amnyweshe kwa kikombe kidogo na kijiko. Kliniki tunafundisha kikombe badala ya chupa tangu zamani kwa sababu ya usafi, na hapa kinasaidia tena.

Nimalizie na la wodini. Tukimpokea mtoto anayebanwa kifua, namuuliza mama anawashia nini jiko. Wengi wananiambia nailoni, na wananishangaa kwa nini nimeuliza. Sisemi ndiyo iliyomletea pumu. Nasema ukiiondoa, usiku wa yule mtoto unakuwa mwepesi.

Ngalawa ya Minazi Mikinda

Mimi ni wa baharini. Nyavu siku hizi zinapanda na uchafu kuliko samaki, hasa baada ya mvua, Mto Msimbazi ukishamwaga. Chupa, vifuniko, vimfuko vya ubuyu, ndala. Swali langu ni moja, tuendelee kula samaki au la? Maana wateja wameanza kuniuliza.

Mlimani Hall Seven

Kaka, kuna kazi iliyofanyika hapahapa. Watafiti akiwemo Bahati Mayoma wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mchanga wa fukwe na kombe kwenye mwambao wa Tanzania, ikachapishwa 2020. Eneo lililoongoza kwa uchafuzi lilikuwa Mtoni Kijichi: karibu chembe 3,000 kwa kilo moja ya mchanga mkavu. Kombe wa pale nao walikuwa nazo. Kabla ya hapo, 2016, yeye na wenzake walichapisha kuhusu sangara na sato walionunuliwa soko la Mwanza, na samaki mmoja kati ya watano wa kila aina alithibitika kuwa na plastiki tumboni.

Tumboni, si kwenye mnofu. Hapo ndipo jibu la wateja wako lilipo. Changu, nguru, kibua unampasua, unamtoa matumbo, unamwosha, umeondoa sehemu kubwa. Wanaoliwa wazima na utumbo wao ni dagaa na jamii ya kombe na chaza. Dagaa wakubwa wakitolewa vichwa na matumbo ni bora. Kombe mimi nisingewaokota karibu na mdomo wa mto wa mjini, na hapo plastiki ni sababu mojawapo tu, kuna maji taka na metali za viwandani pia. Lakini samaki tuendelee kula. Protini ya bei ile tutaipata wapi?

Niongeze kuhusu video za ubongo. Ule utafiti ulitoka Februari 2025 kwenye Nature Medicine. Walipima ubongo wa marehemu wa 2016 na wa 2024, wakasema wa 2024 walikuwa na plastiki zaidi kwa karibu asilimia 50. Wakemia wengine wameupinga vikali kwa hoja ya maana: kile kipimo kinachoma sampuli na kusoma mvuke wake, na mafuta ya kawaida ya mwilini yakiungua yanaweza kutoa alama zinazofanana na za polietilini. Ubongo umejaa mafuta. Kwa hiyo zile picha za kijiko kilichojaa plastiki msizichukue kama zilivyo. Kwenye fani hii tatizo la vipimo ni kubwa, hata vumbi la maabara na glavu za mtafiti zinaweza kuchafua sampuli.

Terminal Gongo la Mboto

Hapo nimekuelewa mdogo wangu. Hiki ndicho nilichotaka kusikia, mtu anayesema hili limethibitika na hili bado.

Fundi wa Kariakoo

Naona wote mmekaa kwenye chakula. Niwape la upande wetu wa nguo.

Poliesta, nailoni, akriliki, zote ni plastiki. Madera mengi yanayoingia sasa hivi hayana pamba hata kidogo. Mashati ya mitumba, jezi, mapazia, mablanketi ya manyoya, hivyohivyo. Ukikata kitambaa cha manyoya kwa mkasi chumba kinajaa nyuzi, jioni ukipenga kamasi unaziona. Vibanda vyetu havina dirisha, feni inazungusha vumbi lilelile, na tuko humo kuanzia asubuhi hadi usiku.

Nilisoma kwamba Marekani na Kanada miaka ya 1990 wafanyakazi wa viwanda vya kubandika nyuzi fupi za nailoni kwenye vitambaa walipata ugonjwa wa mapafu, wakabanwa na kukohoa, na madaktari wakaupa jina kutokana na kazi ile. Ina maana kwa upande wa mapafu, kwa mtu anayevuta nyingi kila siku kazini, ushahidi upo siku nyingi. Kwa nini hatusikii mafundi wakiambiwa?

Mwalimu wa Kimara

Fundi, umesema jambo kubwa. Ndiyo, ugonjwa ule unajulikana tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na wengi walipata nafuu walipoondolewa kwenye vumbi lile. Uingereza, utafiti wa 2022 ulikuta chembe kwenye sampuli 11 kati ya 13 za mapafu ya watu walio hai, hadi sehemu za chini kabisa za pafu, na hao hawakuchaguliwa kwa kazi zao. Mtu wa kibandani huenda anavuta nyingi kuliko hao.

Kifanyike nini: usifagie kwa ufagio mkavu, futa kwa kitambaa kibichi. Feni ielekee nje, isukume vumbi kutoka, isilizungushe. Siku ya kukata manyoya vaa barakoa inayobana vizuri. Na mwenye uwezo wa kuchagua, kanga na kitenge cha pamba halisi kwa nguo za mtoto mchanga na shuka.

Babu wa Mbagala Kuu

Nimefuatilia mjadala wenu wanangu, mmeongea vizuri. Mimi natumia maji ya kisima, yana chumvi. Tukiyachemsha sufuria inabaki na ukoko mweupe. Maji ya chupa siyawezi kila siku. Nipo salama au siko salama?

Mwalimu wa Kimara

Shikamoo babu. Kwa upande wa plastiki huenda uko vizuri kuliko anayenunua chupa. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Columbia kilihesabu chembe kwenye maji ya chupa yanayouzwa Marekani, wakapata wastani wa chembe 240,000 kwa lita, asilimia 90 zikiwa nanoplastiki. Mwaka huohuo watafiti wa Guangzhou, China, walichemsha maji ya bomba kwa dakika tano kisha wakayachuja. Maji magumu, yenye madini kama ya kisima chako, yalipoteza hadi karibu asilimia 90 ya chembe, kwa sababu ule ukoko mweupe unapojitengeneza unazifunga ndani yake. Maji laini yalipoteza kama robo tu.

Kwa hiyo babu, chemsha kwenye sufuria, yaache yatulie hadi ukoko ushuke, yamimine polepole kupitia kitambaa safi cha pamba, na yale ya chini kabisa yamwage. Unaua vijidudu na kupunguza plastiki kwa kazi moja. Ila chumvi haiondoki kwa kuchemsha. Kama una presha, mueleze daktari wako kuwa unakunywa maji ya kisima cha chumvi.

Babu wa Mbagala Kuu

Marahaba. Presha ninayo. Nitamwambia.

Mkazi wa Goba

Na matangi ya plastiki juu ya paa? Yanapigwa jua kutwa nzima. Halafu maji ya chupa ya pale Ubungo, katoni ziko juani toka asubuhi.

Mwalimu wa Kimara

Tangi zima lenye ukuta mnene si tatizo kubwa. La kuangalia ni lile lililozeeka: ukipitisha mkono nje unabaki na unga mweupe, au ndani kuna nyufa na magamba. Hilo tayari linamomonyoka, litumie kwa kumwagilia au kufulia. Ukiweza liezekee kijibanda juu, na lisafishe kila mara, maana tope la chini ndilo linalokusanya kila kitu.

Katoni za juani ziepuke. Chupa zile ni za plastiki iitwayo PET, na joto la muda mrefu linaongeza kemikali ya antimoni inayotoka kwenye chupa kuingia kwenye maji. Chupa moja siku moja haitakuumiza. Dereva anayeweka chupa kwenye dashibodi ya gari na kuijaza tena na tena, huyo aache.

Dogo wa Sinza

Kwani si mifuko ilipigwa marufuku Juni 2019? Mbona bado tunaongelea nailoni?

Mlimani Hall Seven

Ile ya kubebea bidhaa ndiyo iliyozuiwa, na tuseme ukweli, mitaro ilipumua. Rambo hazikuning'inia tena kwenye miti kama zamani. Vifungashio vya chakula vilibaki kwa ruhusa maalumu, na vile vyepesi visivyo na nembo vikaingia sokoni kupitia mlango huohuo. Na wengi hawajui kwamba ile mifuko mbadala inayofanana na kitambaa nayo ni plastiki, ni polipropilini. Ni mizito, inatumika mara nyingi, ndiyo faida yake. Ila ikichakaa inachanika nyuzinyuzi na kugeuka vumbi. Mtu anayefunikia ugali mfuko mbadala akidhani ni kitambaa yuko palepale.

Mkataba wa dunia wa kupunguza plastiki ulitarajiwa kukamilika Geneva Agosti 2025, wakaachana bila makubaliano. Nchi zinazoishi kwa mafuta hazikutaka kikomo cha uzalishaji, na plastiki inatokana na mafuta na gesi. Inaniuma, kwa sababu Pugu Kinyamwezi dampo linaendelea kufuka moshi na wanaouvuta hawakukaa kwenye kile kikao.

Mama Shukuru Buguruni

Mwalimu, swali la mwisho nikalale, kesho naamkia sokoni. Sahani na mabakuli ya melamini, yale magumu ya maua, ndiyo ninayopakulia. Nayo vipi?

Mwalimu wa Kimara

Melamini kwa chakula cha baridi au vuguvugu haina shida kubwa. Kikiwa cha moto sana na chenye uchachu, kama supu uliyokamulia ndimu au mchuzi wa nyanya, melamini inatoka na kuingia kwenye chakula. Taiwan walipima mkojo wa watu waliokula tambi za moto kwenye mabakuli ya melamini, kiasi kilikuwa kikubwa kuliko walipokula kwenye ya kauri. Yaliyokwaruzika na kupauka yatoe kwanza.

Mama Shukuru Buguruni

Basi naanza na mabakuli ya supu, hayo ndiyo yanayopigwa na moto na ndimu. Sahani za wali na chipsi zitasubiri hadi mwezi ujao, mtaji hauruhusu vyote kwa pamoja. Kauri kwa wateja wangu itavunjika, nitatafuta ya stili.

Fundi wa Kariakoo

Mama, ukija huku nenda kwenye maduka ya jumla, usinunue moja moja kwa wamachinga. Kuna mama lishe wengine wawili mtaani kwetu wanataka pia. Mkichukua kwa pamoja bei inashuka. Nitumie namba yako inbox nikuunganishe nao.